MASLAHA YA BURA NI MASLAHI YA NANI?

Neno moja lina nyumba mbili. Sisi wa pwani husema maslahi, na tukilitamka fikira zetu huenda kwenye faida na haki ya mtu: maslahi ya wafanyakazi, maslahi ya mayatima, maslahi ya umma. Ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera husema maslaha, na wao hukusudia kikao. Damu imemwagika au heshima imevunjwa, wazee wamekaa chini ya mti, na koo mbili zinatafuta njia ya kutochinjana. Asili ya yote mawili ni Kiarabu, na maana ya mwanzo ni jambo lenye manufaa kwa watu. Leo, ndugu msomaji, nataka tulifuate neno hili hadi Bura, tuone linamnufaisha nani pale anayekuwa ameumizwa ni mwanamke au mtoto.

Bura ziko mbili. Iko ile ya magharibi ya Mto Tana, ya mradi wa kilimo cha kunyunyizia maji ambao sifa zake zilitujaa masikioni katika miaka ya sabini na themanini. Siyo hiyo. Ninayoisema ni Bura ya mashariki, katika Kaunti ya Garissa, upande wa Fafi: mji mdogo wa maduka, misikiti na ofisi za serikali, na nyuma yake nyika ya miiba inayoendelea hadi mpaka wa Somalia. Kutoka hapo hadi Garissa mjini si chini ya kilomita 80, na Garissa ndiko iliko hospitali kuu ya kaunti, na ndiko iliko Mahakama Kuu. Tana ikifura, njia hukatika. Ilikuwa hivyo wakati wa mvua za El Nino za 1997, ikawa hivyo tena mwisho wa 2023 na katika Aprili na Mei 2024. Na tukumbuke kwamba hiyo Bura yenyewe ni mjini kwa mtu atokaye Galmagala, au kwa mama anayehama na ngamia wake kufuata malisho.

Sasa tushike hesabu moja: saa 72. Mtu aliyebakwa, akitaka kukingwa na virusi vya Ukimwi, hana budi kuanza kumeza dawa kabla saa hizo hazijakwisha, na kila saa ipitayo dawa hupungua nguvu. Dawa ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120, nayo pia hufaa zaidi ikiwahiwa. Iko chanjo ya homa ya ini, yako matibabu ya magonjwa ya zinaa, na uko ushahidi ambao mwili na nguo huubeba kwa muda mfupi tu, kisha hutoweka. Haya yote, kwa sheria za Kenya, hutolewa bure katika hospitali ya umma.

Tuseme ni binti wa miaka 14, aliyekwenda kutafuta kuni. (Nasema tuseme, simtaji mtu, wala simkusudii mtu.) Siku ya kwanza hasemi, kwani hana maneno ya kusemea. Usiku mamake huona mwendo wake, humwuliza, hulia pamoja naye, kisha humwosha. Siku ya pili mama hutafuta namna ya kumwambia baba. Baba huwaendea ndugu zake, na ndugu huwaendea wazee. Siku ya tatu wazee wa upande huu huwatumia habari wazee wa upande ule. Hapo saa 72 zimekwisha, na bado hapana aliyetaja neno hospitali. Si kwamba wameikataa hospitali. Haikuwamo katika mawazo yao, kama vile wewe na mimi, gari likituharibikia hapa Mombasa, tusivyowaza kulipeleka kwa fundi wa Kampala.

MTI ULIO KARIBU

Waandishi wengi wanaoandika habari za kaskazini huishia kuilaani maslaha na kuweka kalamu chini. Mimi naona kulaani ni kazi rahisi. Swali gumu ni kwa nini maslaha hushinda kila mara, na jibu lake halina fumbo: maslaha iko karibu. Haitaki nauli. Inasema Kisomali. Huanza siku ya tatu na kwisha siku ya kumi. Wanaoamua ni watu ambao baba wa binti anawajua kwa majina na kwa nasaba. Upande wa pili iko mahakama iliyo mbali, yenye kuahirisha kesi mara tano au sita, na kila tarehe mpya ni nauli ya mtu wanne: binti, mama, shahidi, na mwanamume wa kuwasindikiza. Mfugaji aliyeuza mbuzi wawili kwenda kusikia neno "kesi imeahirishwa" hatauza wa tatu.

Basi maslaha, tukiitazama bila hasira, nayo ni huduma. Ni huduma pekee iliyomfikia mtu wa Bura kabla ya zote. Lakini huduma kwa nani? Wazee wakikubaliana, hulipwa ngamia au fedha. Wanaolipa ni wanaume wa ukoo, si mkosaji peke yake, kwa hiyo mkosaji hasikii uzito. Wanaopokea ni wanaume wa ukoo mwingine, kwa hiyo aliyeumizwa haoni hata ukwato. Mara nyingine suluhu huwa ni ndoa: binti huozwa mtu yule yule, ili aibu igeuke arusi. Na katika kikao chote hicho binti hakuitwa. Mamake alisikia hukumu ng'ambo ya ua. Amani imepatikana kweli, na mimi siidharau amani hiyo, kwani katika nchi yenye bunduki nyingi na visima vichache ugomvi mmoja huweza kuteketeza vijiji. Lakini amani ile imenunuliwa kwa mali ya mtu ambaye hakuulizwa kama anauza.

Sheria ya nchi haina utata juu ya jambo hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, iliyosimamiwa Bungeni na Bi. Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa wakati huo na baadaye akawa Jaji wa Mahakama ya Juu, inampa aliyenajisi mtoto wa miaka 11 au chini kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kifungu cha 40 chasema kwamba kusimamisha upelelezi au mashtaka ya namna hii si uamuzi wa polisi, bali ni wa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo si mzee wa mtaa, si chifu, wala si baba mzazi awezaye kusema yamekwisha. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, inaziheshimu njia za kienyeji za kupatanisha watu, lakini inaziwekea mpaka: zisivunje haki za binadamu, zisipingane na uadilifu.

Lakini kesi haihitaji kufutwa ili ife. Yatosha shahidi ahame na ngamia. Hakimu wa Garissa huita jina mara tatu, hapana wa kuitikia, na mshtakiwa hutoka mlangoni.

NENO LA NAJISI

Ukurasa huu ni wa utamaduni, nami ni mtu wa maneno, kwa hiyo niruhusuni nisimame kidogo kwenye neno "kunajisi". Mahakama zetu zinalitumia, magazeti yetu yanalitumia, nami nimelitumia hapo juu kwa sababu sina jingine linaloeleweka haraka. Lakini tulisikilize vizuri. Kila mtoto aliyepita chuoni amesoma mlango wa tohara kabla ya mlango wa sala. Anajua najisi ni nini: ni kitu kinachoambatana na mwili au nguo, na kikishaoshwa kimekwisha. Maalim wetu hakutufundisha hata siku moja kwamba mtu huwa najisi kwa dhambi ya mtu mwingine. Hata hivyo tumelichukua neno la choo na damu, tukambandika mtoto aliyedhulumiwa, na tukilisema huwa kana kwamba yeye ndiye aliyechafuka na mwenziwe amebaki safi. Kisha twashangaa kwa nini wasichana hawasemi.

Na hapa iko shida ambayo daktari peke yake hawezi kuitatua. Muislamu yeyote, jambo kama hili likimpata, la kwanza atakalotaka ni maji. Ataoga, ataoga tena, atafua nguo, ili aweze kusimama mbele ya Mola wake. Na maji yale yale huondoa ushahidi ambao mahakama itautaka. Hospitali husema asioge kwanza, moyo wake humwambia aoge sasa, na katikati hapo hapana sauti ya mtu wa dini. Nawauliza mashekhe wetu, wa Garissa na wa Lamu, wa Malindi na wa Mombasa: je, hili halistahili darsa moja? Dini iliyoweka tayamamu kwa mgonjwa na kwa msafiri, itashindwa kumpa rukhsa mtoto huyu angoje mpaka atazamwe na muuguzi? Neno moja la sheikh katika hotuba ya Ijumaa lingefanya kazi ambayo mabango mia ya mashirika hayawezi kuifanya.

Yako mengine yanayosemwa kwa jina la dini, na ni vyema tuyatoe chini ya mkeka. Huambiwa msichana: huna mashahidi wanne, ukisema utakuwa umemsingizia mtu. Lakini sharti la mashahidi wanne, kama lilivyo katika Suratu Nnur, liliwekwa kuwazuia watu wanaowarushia wanawake watwahara tuhuma za zinaa. Liliwekwa kumlinda mwanamke. Leo tumeligeuza kumlinda mbakaji. Na iko hadithi ya Wail bin Hujr, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, ya mwanamke aliyetoka kwenda kusali, mtu akamvamia njiani. Alipiga kelele, watu wakakimbilia, na katika fadhaa ile akamnyooshea kidole mtu asiyekuwa yeye, hata mwenye kosa akasimama mwenyewe na kukiri. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwambia mwanamke yule aende zake na kwamba Mungu amemsamehe. Hakumwuliza alifuata nini nje. Hakumpiga viboko vya kusingizia, ingawa alimkosea mtu. Hadithi hii sikuisikia chuoni. Nimeisoma nikiwa mtu mzima, na hadi leo najiuliza kwa nini.

Hata sheria ya serikali ilikuwa na kosa la namna hiyo hiyo. Kifungu cha 38 cha sheria ile ya 2006 kilitishia kwamba atakayeonekana ameshtaki kwa uongo atapewa adhabu ile ile ya aliyeshtakiwa. Fikiri mtoto anaambiwa hivyo katika kituo cha polisi. Kilifutwa mwaka 2012. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyedhulumiwa peke yake, madhali hakimu ameridhika kwamba ni kweli na ameandika sababu zake. Haya Bura hayajafika. Kilichofika ni hofu ya zamani.

Sisi wa pwani tusijitie kando tukawanyooshea vidole wafugaji. Katika mtaa niliokulia mimi, nilipokuwa bado na juzuu mkononi, binti wa jirani alitolewa usiku akapelekwa kwa shangazi yake mji mwingine. Hatukuambiwa sababu. Mtu mmoja mkubwa wa mtaa ule tuliendelea kumkuta safu ya mbele msikitini, nasi watoto tukimbusu mkono. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nikikibusu. Mambo yale yaliitwa stara. Stara ni kitu kizuri, Mungu mwenyewe ni mwenye kusitiri, lakini katika ule mtaa wetu shuka lilitandazwa juu ya mtu mmoja na aliyeachwa na baridi ni mwingine.

KITUO CHA POLISI NA KAMBI

Watu wa Nairobi hushangaa: kwa nini mama huyu haendi polisi? Hawakumbuki, au hawakuambiwa. Kaskazini ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi 1991. Novemba 1980 Garissa iliunguzwa. Februari 1984 ikawa Wagalla, huko Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliandika kwamba kubakwa kwa wanawake kulikuwamo katika maovu yaliyotendwa na askari katika operesheni za huko. Bibi aliyekuwa msichana miaka ile ndiye leo anayeshauriwa na bintiye kama waende kituoni au wasiende. Madawati ya jinsia yamewekwa katika vituo vya polisi, na ni hatua njema, lakini mara nyingi askari aliyeko ametoka mbali, ni mwanamume, na anasema Kiswahili na mama asiyejua ila Kisomali. Hujitokeza mkalimani. Na mkalimani, katika mji mdogo, huwa ni binamu wa mtu.

Jambo la ajabu ni kwamba katika eneo hilo hilo la Fafi iko Hagadera, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, na huko somo hili lilisomwa zamani kwa machozi. Wakimbizi walipomiminika kuanzia 1991, wanawake waliokwenda porini kutafuta kuni walivamiwa na majambazi, hata Oktoba 1993 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti nzima juu ya mambo hayo. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianzisha mradi wa kuwahudumia wanawake hao, na mwishoni mwa miaka ile ya tisini likaanza kugawa kuni ili wasiende porini. Matokeo yake yafaa kukumbukwa: wakati kuni zilipokuwapo, mashambulio ya porini yalipungua, lakini ya mahali pengine yakazidi. Mwovu alibadilisha njia. Pamoja na hayo, kambini walijengeka wauguzi waliofunzwa, washauri wa kike, wakalimani walioapishwa kutunza siri. Mwenyeji wa Bura, raia wa Kenya mwenye kitambulisho, hakuwa na kitu kama hicho mlangoni kwake. Na mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake ya nje, hata huko kambini kazi nyingi zikapunguzwa. Huduma iliyojengwa kwa fedha za mgeni huondoka na mgeni.

Mombasa, tangu 2007, hospitali kuu ya mkoa ina kituo maalumu cha kuwapokea waliodhulumiwa. Nairobi kiliko kile cha Hospitali ya Wanawake tangu 2001. Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana mijini dhidi ya mauaji ya wanawake, na Januari 2025 Rais akaunda jopo la watu 42 chini ya Dkt. Nancy Baraza. Sibezi lolote katika hayo. Lakini barabara zote hizi zinaanzia Nairobi, na huchoka kabla hazijafika Tana.

Ningeulizwa mimi, ningeanza na muuguzi. Si jengo jipya lenye jiwe la msingi na jina la mheshimiwa, la. Muuguzi mmoja wa kike, Msomali, katika zahanati ya Bura, na mwenzake katika kila zahanati ya Fafi, wenye dawa zile za saa 72 kabatini na fomu za kumwandikia aliyebakwa, ile yenye nakala tatu. Mgonjwa aanze dawa hapo hapo, ndipo mambo ya Garissa yafikiriwe. Wapo pia wahudumu wa afya wa vijijini, ambao serikali iliwapa mikoba na simu mwaka 2023, jumla yao kama 100,000 nchi nzima. Hawa ni watu wa boma lile lile, na wengi ni wanawake. Mama aliyeogopa kituo hataogopa jirani, ikiwa jirani amefunzwa kufunga mdomo. Kisha hakimu: badala ya mashahidi wanne kusafiri kwenda kwake, yeye mmoja asafiri kuja kwao. Mahakama za kuhamahama zimekwisha kufanya kazi kaskazini, si jambo la kubuni.

Na wazee? Mimi siwaondoi. Kazi yao ya kuzuia kisasi hapana askari anayeiweza. Lakini wakae kikao cha namna nyingine: wahakikishe hapana atakayechomewa boma, wamtoe mkosaji badala ya kumficha, na gari la kwanza liwachukue binti na mamake kwenda hospitali kabla hajachinjwa mbuzi wa mapatano. Mali ikilipwa, ilipwe baada ya hukumu, na ilipwe kwa jina la binti. Kadhi naye, ingawa Katiba imempa ndoa, talaka na mirathi tu, wala si kesi za jinai, anaweza kukataa kuandika ndoa ya mtoto anayetolewa kuwa malipo. Kalamu yake ikisita mara moja, habari hufika mbali.

Hayo ni ya serikali na wakubwa, na huenda yakachukua muda. Mama aliyeko Bura usiku huu anaweza kupiga 1195, haitozi kitu, usiku na mchana, au 116 kama aliyeumizwa ni mtoto. Ampe bintiye maji ya kunywa, amfunike, asimwoshe. Nguo alizokuwa nazo asizifue, wala asizitie katika plastiki, kwani huvunda na kilichomo huharibika. Azikunje katika karatasi, hata gazeti la jana litafaa.